Lori Lenye Mkono: Kinachobadilika Manispaa Inapozoa Taka kwa Mashine

Manispaa ikitangaza kwamba taka za majumbani sasa zitazolewa kwa mashine, picha inayosambaa ni ya lori: jipya, linang'aa, na mkono wa chuma ubavuni. Madiwani wanaulizana bei yake, wakazi wanataka kuliona likifanya kazi, na haichukui muda kila mtu mtaani ana maoni kuhusu lori. Pipa halizungumzwi sana. Ni chombo cha plastiki chenye magurudumu mawili na kifuniko. Lina lipi la kujadiliwa?

Lina karibu kila kitu. Lori hilo haliwezi kuinua mfuko, wala katoni, wala ndoo iliyochakaa. Linainua pipa la umbo moja, lililowekwa mahali panapofikika, limegeuzwa upande unaotakiwa. Mtu anayezoa taka kwa mikono hujirekebisha kulingana na anachokikuta. Mashine haina uwezo huo, kwa hiyo inabidi mtaa mzima ujirekebishe kwa ajili yake. Malalamiko mengi yanayofuata mpango kama huu yana chanzo hicho kimoja, na hesabu nyingi zinazokosewa kabla haujaanza zinakosewa hapo hapo.

Sekunde ishirini kwa nyumba

Kwenye uzoaji wa kawaida kuna dereva na utingo wawili au watatu wanaoning'inia nyuma ya lori. Lori linasimama, wanaruka chini, wananyanyua, wanamwaga, wanapanda tena. Kwenye mfumo wa mkono wa ubavuni, dereva yuko peke yake. Anasogeza lori sambamba na ukingo wa barabara, anasimama usawa wa pipa, anasukuma kijiti kilicho kando ya kiti chake. Mkono unatoka, vidole vyake viwili vinalikumbatia pipa kiunoni, unalipandisha juu ya ubavu wa lori na kulipindua. Kifuniko kinafunguka chenyewe kwa uzito wake, taka zinaanguka tumboni mwa lori, na dereva akiona kwenye kamera kwamba kuna kitu kimeng'ang'ania analitikisa mara moja au mbili. Pipa linarudishwa lilipotolewa. Hakushuka.

Mzunguko huo wa mkono huchukua kama sekunde kumi. Ongeza kusogea hadi nyumba inayofuata, tuseme ishirini kwa nyumba. Sasa chukua zamu ya saa nane. Toa muda wa kukagua lori asubuhi, mapumziko, na safari za kwenda dampo na kurudi. Zikibaki saa tano na nusu za kuzoa, ni sekunde 19,800, yaani nyumba 990. Dereva mmoja, karibu nyumba elfu moja. Hesabu hiyo ndiyo inayouza malori haya, na haina uongo ndani yake.

Ila iangalie upande wa pili. Pipa likiwa nyuma ya gari lililoegeshwa, au limegeuzwa kinyume, au limesongamana na nguzo kiasi kwamba vidole havipiti, dereva anashuka, analivuta, anapanda, anamwaga, anashuka tena kulirudisha. Dakika mbili zimekwenda. Dakika mbili ni nyumba sita. Zikitokea nyumba thelathini za namna hiyo kwa siku, saa nzima imepotea pamoja na nyumba 180. Ndiyo maana manispaa zinasisitiza mambo yanayoonekana ya kitoto: magurudumu na mpini vielekee nyumbani, kifuniko kifunge, na pipa likae mbali na kitu chochote kwa karibu mita moja. Mkazi anayaona ni urasimu. Kwa dereva, huo ndio mpaka kati ya kumaliza njia yake na kuiacha nusu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa malori hawalitaji kwa hiari. Nyumba 990 zikitoa kilo 12 kila moja, ni karibu tani 12. Lori likibeba tani kumi, lazima liende dampo mara mbili. Dampo likiwa mbali au foleni ya mizani ikiwa ndefu, wepesi wa mkono hauna maana yoyote. Lori linakwenda kusubiri haraka zaidi. Manispaa yenye dampo la mbali ingefaidika pengine zaidi kwa kujenga kituo cha kuhamishia taka, mahali pa karibu ambapo lori la mtaani linamwaga na lori kubwa zaidi linapeleka dampo, kuliko kwa kununua mkono wa chuma.

Kwa nini mkono, na kwa nini sasa

Wazo la mamlaka kumwambia mkazi atumie chombo gani halikuanza na plastiki. Mwaka 1884 Paris ilianza kutekeleza agizo la Eugène Poubelle, mkuu wa mkoa wa Seine, la kuwataka wenye nyumba wawape wapangaji vyombo vyenye vifuniko. Wenye nyumba walilalamikia gharama. Waokota vitambaa na vyuma chakavu walilalamika zaidi, kwa kuwa riziki yao ilikuwa juu ya lundo lililo wazi na sasa lilikuwa linafunikwa. Malalamiko yote mawili bado yanasikika kila mahali mapipa mapya yanapoingia.

Mashine ilikuja baadaye sana, na nyuma yake kuna damu. Tarehe 1 Februari 1968, mjini Memphis, Marekani, wazoaji taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya lori lao. Mtambo wa kushindilia ukawaka na kuwaua. Wenzao zaidi ya elfu moja waligoma, na Martin Luther King alikuwa Memphis kuunga mkono mgomo huo alipouawa tarehe 4 Aprili. Mgomo ule ulihusu ubaguzi, mishahara na utu, na hakuna lori ambalo lingeumaliza. Lakini kifo chenyewe kilitokea mahali ambapo kazi hii imekuwa ikiua siku zote: nyuma ya lori, kati ya mtu na chuma. Hadi leo takwimu za kazi nchini Marekani huwaweka wazoaji taka miongoni mwa watu wenye kazi zinazoua zaidi kwa uwiano wa idadi yao, na sababu kubwa ni magari, liwe lao wenyewe au la mpita njia asiye na subira.

Mwaka 1969 mji wa Scottsdale, jimbo la Arizona, ulianza kutumia lori linalohesabiwa kuwa la kwanza la kuzoa kwa mkono wa ubavuni bila dereva kutoka kwenye kibanda chake. Lilikuwa dude kubwa kiasi cha kubandikwa jina la Godzilla. Liliinua makontena ya takribani lita 1,100, ambayo ni ya kutumiwa na nyumba kadhaa kwa pamoja, na mzunguko mmoja ulichukua sekunde thelathini. Pipa dogo la nyumba moja lenye magurudumu ndilo lililofanya mfumo huo uenee, kwa kuwa mkazi angeweza kulisukuma mwenyewe hadi barabarani.

Usalama wa mzoaji ndio sababu nzito kuliko zote, na kwa maoni yangu ingetosha peke yake: mtu haning'inii tena nyuma ya lori, hanyanyui mizigo mamia kwa siku, hachomwi na sindano au kioo ndani ya mfuko. Mtu mwenye mgongo wa miaka hamsini na mitano anaweza kuendelea na kazi hadi kustaafu. Sivyo kwamba dereva haumii. Maumivu yanahama: shingo inayogeuzwa upande mmoja mara elfu, bega la mkono unaoshika kijiti, goti la kushuka na kupanda kibanda kirefu. Ni majeraha ya polepole, na kwa kuwa hayaingii kwenye ripoti ya ajali ni rahisi kuyasahau.

Ukubwa wa pipa

Hapa ndipo ningemshauri diwani yeyote atumie muda wake mwingi, na ndipo wengi wanatumia dakika tano.

Mapipa haya huja kwa ukubwa wa aina chache: la lita 120 hivi, la 240, na la 360. Afisa manunuzi hupenda kubwa kwa sababu inayoeleweka kabisa. Likijaa mara chache, malalamiko ni machache, na huenda lori likapita mara moja kwa wiki badala ya mbili. Bei ya pipa la 360 haiwi mara tatu ya la 120. Kwa nini usinunue kubwa?

Kwa sababu watu hujaza chombo walichopewa. William Rathje, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Arizona aliyeanza mwaka 1973 kuchambua taka za majumbani kama wenzake wanavyochambua vigae vya kale, aliona jambo hilo kwenye miji iliyohamia mapipa makubwa ya kuinuliwa kwa mashine: taka ziliongezeka. Familia hazikuwa zimeanza kununua zaidi. Vitu ambavyo zamani vilikaa stoo, vilipelekwa kwa fundi, vilipewa jirani au vilirundikwa bustanini kuwa mboji, sasa vilikuwa na mahali pa kutupwa bila jasho wala aibu. Wakati wa mikono, mzoaji akikuta matofali kwenye ndoo anaiacha na kukutazama. Pipa lenye kifuniko halina macho, na mkono wa chuma haulalamiki.

Manispaa inayolipa dampo kwa tani inaweza basi kujikuta inaokoa mishahara ya utingo na kuimwaga kwenye mizani ya dampo. Dawa inayojulikana ni kuhusisha ada na ukubwa: anayechagua dogo alipe kidogo, anayetaka kubwa alipie. Seattle ilianza kutoza kwa kiasi namna hiyo mwaka 1981, kabla mapipa ya mashine hayajawa jambo la kawaida, na wakazi wakajibu kwa njia mbili. Wengi walipunguza taka. Baadhi walipanda juu ya pipa na kuzikanyaga hadi ziingie, desturi iliyopata hadi jina lake. Kukanyaga huko kuna matatizo kwenye mfumo wa mkono: taka zilizoshindiliwa hazianguki pipa likipinduliwa, na pipa lililojaa mawe au udongo uliolowa linavuka uzito ambao mhimili wake na vidole vya mkono vimetengenezewa.

Wanaoonewa na ada ya ukubwa ni familia kubwa za kipato kidogo, na wenye watoto wachanga au mgonjwa anayevaa nepi. Hao wanahitaji utaratibu wao wenyewe, uliotangazwa tangu siku ya kwanza. Kungoja waje kuomba ni kuwalazimisha wajieleze kwenye kaunta mambo ambayo si ya kaunta.

Kazi ambayo utingo alikuwa akiifanya bila kulipwa

Kwenye jedwali la bajeti utingo ni mshahara, bima na glavu. Barabarani alikuwa mengi zaidi. Aliokota kilichodondoka. Alijua nyumba ya mzee asiyeweza kusukuma chochote, akaingia mwenyewe ndani ya uzio. Alikuwa mkaguzi: akifungua pipa la karatasi na chupa za kurejelezwa na kukuta mabaki ya chakula, aliliacha. Alimwelekeza dereva wakati wa kurudi nyuma kwenye njia isiyotokea, ambayo ni mojawapo ya nyakati za hatari zaidi katika kazi nzima. Alisikia harufu ya moshi.

Moshi si mzaha. Betri za lithiamu, zile za simu, spika ndogo na vifaa vya kuchezea, zikitupwa na taka za kawaida na kubanwa na bamba la kushindilia, huwaka. Dereva aliye peke yake anaweza kuchelewa kugundua, na akishagundua huenda akalazimika kumwaga mzigo wote barabarani ili kuokoa lori. Manispaa inayoingiza mashine bila kuwapa watu mahali pa kupeleka betri inajitafutia moto.

Kazi hizo zote hazikufutika siku utingo alipoondoka, zimegawanywa upya. Ukaguzi unahamia kwenye kamera na kwa watu wanaotembea asubuhi kabla ya lori kupita wakifungua vifuniko na kubandika onyo. Mapipa mengi sasa hupachikwa chipu ambayo lori huisoma linapoinua, kwa hiyo ofisi inajua lipi lilimwagwa na saa ngapi. Inasaidia sana mtu anapopiga simu kudai kwamba alirukwa. Inasaidia pia kumtoza, na baadhi ya wakazi hawapendi ofisi ijue mambo ya pipa lao kwa undani huo. Ni swali la haki, na lijibiwe kwa maandishi kabla ya mapipa kugawiwa: data inakaa muda gani, nani anaiona.

Wazee na wenye ulemavu huandikishwa, na mtu anatumwa kuwasaidia. Utingo wa zamani ndiye anayefaa kazi hiyo kuliko yeyote. Vivyo hivyo kugawa mapipa, kubadilisha magurudumu, kuzoa makochi na friji ambazo mkono hauwezi kuzigusa. Miji iliyohama bila ugomvi kwa kawaida haikumfukuza mtu: ilihamisha, ilisomesha udereva waliotaka, na ikaacha idadi ipungue kwa wanaostaafu. Inachukua miaka, na maana yake akiba iliyoandikwa kwenye jedwali haionekani mwaka wa kwanza. Anayeahidi vinginevyo anapanga kufukuza watu ila hajalisema.

Waokotaji wanaoishi kwa kuuza plastiki na chuma kutoka kwenye taka wana hali ngumu zaidi, maana hawamo kwenye jedwali lolote. Kifuniko na mtambo wa kushindilia vinawafungia mlango kwa siku moja. Mahali walipo wengi, mkataba wa kuwapa kazi ya kukusanya taka rejelezi kwa nyumba unapaswa kutangulia lori.

Mitaa isiyokubali

Mkono unahitaji nafasi. Unafika mita mbili au tatu kutoka ubavuni, na unapanda juu ya lori, kwa hiyo nyaya zinazolegea na matawi ya miti ni adui wake. Kwa kawaida uko upande mmoja tu. Barabara yenye nyumba pande zote mbili inapitwa mara mbili. Magari yakiegeshwa ukingoni usiku kucha, ama kuwe na siku ya kutoegesha, ama mfumo huu hauna kazi pale. Vichochoro usivitaje.

Lakini kati ya mikono mitupu na mkono wa ubavuni kuna daraja ambalo hurukwa kwenye mijadala: lori la kawaida la kumwagia nyuma, lililofungwa kifaa cha kunyanyulia. Wazoaji wanalisukuma pipa hadi nyuma ya lori, linanasa kwenye meno ya kifaa, linapinduliwa. Bado kuna watu nyuma ya lori, kwa hiyo hatari ya barabarani imebaki, ila migongo imepona na hakuna gari lililoegeshwa linaloweza kuzuia kazi. Katika miji mingi ya Ulaya hii ndiyo njia ya kila siku, na si kwa kukosa fedha. Australia, yenye vitongoji vya barabara pana, mkono wa ubavuni umekuwa jambo la kawaida tangu zamani. Manispaa moja inaweza kuwa na mifumo yote miwili, na ningeitilia shaka ramani yoyote ya mradi iliyopakwa rangi moja kutoka mpaka hadi mpaka.

Hapo ndipo umbo la pipa linaporudi kwa nguvu. Kifaa cha nyuma kinalishika pipa kwa ukingo wake wa mbele. Mkono wa ubavuni mara nyingi unalikumbatia mwilini. Ulaya ina kiwango kimoja cha mapipa haya, EN 840, kinachofanya pipa la kiwanda hiki liinuliwe na lori la kiwanda kile. Ukinunua mapipa laki moja yanayoinuliwa na aina moja tu ya mkono, umejifunga kwa muuzaji wa mkono huo kwa maisha ya mapipa, ambayo ni miaka kumi na kuendelea. Zabuni ya pipa na zabuni ya lori zisomwe na mtu yule yule, siku ile ile.

Na fundi naye awepo chumbani. Lori hili linasimama na kuondoka mara elfu kwa siku. Breki, mipira ya haidroliki na bushi za mkono huisha kwa kasi ambayo gereji ya malori ya kawaida haijazoea. Mkono ukigoma, hakuna utingo wa kuendelea kwa mikono: njia nzima inasimama. Malori ya akiba si anasa, na gharama yake iingie kwenye hesabu ile ile iliyopunguza mishahara.

Miezi ya kwanza simu huwa nyingi, kisha hupungua. Kinachoendelea kwa miaka ni vitu vidogo: gurudumu lililochomoka, mpini uliopasuka, kifuniko kilichopeperushwa, familia iliyohama na pipa. Mkataba useme nani anavibadilisha na ndani ya siku ngapi, na stoo iwe na vifuniko na mihimili kabla ya pipa la kwanza kugawiwa. Nyumba iliyokaa wiki tatu bila kifuniko hurudi kwenye mifuko, na mifuko hiyo hakuna aliyebaki nyuma ya lori wa kuiokota.